Maumivu ya Miguu na Kuanguka: Mguu Unapokosa Kujua Unakanyaga Wapi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba wake wote. Ndugu msomaji, katika somo la leo tutaangalia jambo linalozisumbua nyumba nyingi, hasa zenye wazee, lakini halizungumzwi sana. Nalo ni uhusiano uliopo kati ya maumivu ya viungo na kuanguka.

Mara nyingi mzee anapoanguka, watu wa nyumbani husema ni uzee, ni macho, au ameteleza tu. Ukiuliza vizuri utaambiwa kuwa goti, kiuno au kifundo cha mguu kilikuwa kinamsumbua kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo. Mambo haya mawili huhesabiwa mbalimbali: maumivu yanapakwa dawa ya kuchua, na kuanguka kunaitwa ajali. Ukweli ni kwamba yanakwenda pamoja. Maumivu yanayodumu huvuruga hisia inayomjulisha mtu miguu yake iko wapi anapotembea. Akikosa hisia hiyo, hukanyaga kwa kubahatisha.

Jambo hili si dogo. Mtu mzima akivunjika nyonga, huweza kulazwa kitandani kwa muda mrefu, na kulala huko huleta nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni. Wengi hawarudi tena kutembea kama walivyokuwa. Kwa hiyo maumivu ya goti ya leo yatazamwe mapema, kabla hayajawa mfupa uliovunjika kesho.

MLANGO WA SITA WA FAHAMU

Shuleni tulifundishwa kuwa mwanadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Upo mwingine usiotajwa, nao unafanya kazi usiku na mchana. Hebu fumba macho, nyoosha mkono wako pembeni, kisha gusa ncha ya pua yako kwa kidole. Umeipata bila kuona. Nani aliyekujulisha mkono ulikuwa wapi?

Ndani ya misuli Mwenyezi Mungu ameweka vihisio vidogo sana, vyembamba kama nyuzi, vinavyopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Kwenye kano, yaani kamba zinazoshikanisha msuli na mfupa, vimo vingine vinavyopima nguvu ya mvuto. Kwenye maungio na katika ngozi ya unyayo vimo vingine tena. Habari zote hizo hupita katika mishipa ya fahamu, huingia kwenye uti wa mgongo na kupanda hadi kwenye ubongo. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni huzilinganisha na kurekebisha hatua yako kabla wewe mwenyewe hujatambua kuwa umekanyaga kokoto.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Uingereza, Charles Sherrington, aliipa hisia hii jina ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, propriosepsheni. Sisi katika somo hili tutaiita hisia ya mkao wa viungo. Waislamu tunakumbuka hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa kila mwanadamu ameumbwa na maungio mia tatu na sitini, na kwamba shukurani ya maungio hayo hutolewa kwa tasbihi, tahmidi, kuamrisha mema na kuondoa kinachodhuru njiani. Ni vizuri basi kuyajua yanavyofanya kazi.

Uzito wa neema hii huonekana inapoondoka. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Uingereza, Ian Waterman, akiwa na umri wa miaka 19, alipatwa na maradhi yaliyoharibu mishipa yake inayobeba hisia ya mkao na mguso kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza, na maumivu na joto aliendelea kuyahisi. Hata hivyo alishindwa kusimama wala kuketi, kwa sababu hakujua mikono na miguu yake iko wapi. Baada ya muda mrefu wa jitihada alijifunza kutembea tena kwa kuitazama miguu kila hatua. Taa ikizimika, huanguka.

MASHAHIDI WATATU WA HATUA

Ili mtu asimame wima na atembee, ubongo hutegemea mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho, yanayoona njia. Wa pili ni sikio la ndani, linalojua kichwa kimeinamia wapi. Wa tatu ni hisia ya mkao wa viungo, inayosema goti limekunjwa kiasi gani na unyayo umegusa nini.

Mmoja akidhoofika, wawili waliobaki huziba pengo lake. Ndiyo maana mtu mwenye magoti mabovu anaweza kutembea vizuri mchana sokoni Majengo, watu wasione tofauti yoyote, kwa sababu macho yanamsaidia. Hatari huja pale macho nayo yanapoondolewa.

Katika miaka ya 1840 daktari Moritz Romberg wa Berlin alieleza kuwa baadhi ya wagonjwa wake waliweza kusimama vizuri macho yakiwa wazi, lakini wakiyafumba walipepesuka na kuanguka. Kipimo chake kinatumika hospitalini hadi leo. Wagonjwa wa aina hiyo hupepesuka hata wanapoinama kunawa uso, maana wanafumba macho ili maji yasiingie.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hilo. Sisi tunanawa uso mara tano kwa siku. Mzee anayetia udhu amesimama, ameinama, amefumba macho, sakafu imelowa, na goti linamuuma. Kisha anainua mguu mmoja kuuosha, na huo unaobaki chini ndio wenye maumivu. Tena kwa sala ya alfajiri yote haya hufanyika gizani.

MAUMIVU YANAVYOMCHANGANYA SHAHIDI WA TATU

Maumivu huvuruga hisia ya mkao kwa njia kadhaa, na ni vizuri tuzifahamu moja moja.

Kwanza, kelele njiani. Habari za maumivu na habari za mkao wa kiungo hukutana katika uti wa mgongo na ubongo. Ni kama baraza ambalo mtu mmoja anapiga kelele bila kunyamaza: wengine wanasema kweli, lakini hawasikiki vizuri. Watu wenye magoti yaliyosagika, yaani gegedu lililolika, wakipimwa huonekana mara nyingi kukosea zaidi kueleza goti limekunjwa kiasi gani. Wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu nao hukosea kuhusu mkao wa mgongo wao.

Pili, msuli kuzimwa. Goti likiuma au likijaa maji, mwili huupunguzia nguvu msuli mkubwa wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti. Hata maji kidogo tu ndani ya goti yanatosha kufanya hivyo. Mgonjwa husema goti limemlegea ghafla au limemwacha. Msuli usiotumika hukonda, na ukikonda hulinda goti kidogo zaidi, kisha maumivu huongezeka.

Tatu, akili kushikwa. Kutembea kwa mtu mzima kunahitaji akili kuliko tunavyodhani. Maumivu huishika sehemu ya akili hiyo. Mtu akiitwa ageuke, au akibeba ndoo huku akijibu salamu, kilichobaki hakitoshi kuangalia mguu.

Nne, hofu. Aliyekwisha kuumia hutembea kwa hatua fupi, amekaza mwili, macho chini. Mkazo huo hupunguza wepesi wa viungo kujirekebisha. Akijikwaa, hawezi kuuwahisha mguu wa pili mbele kumzuia. Wengine huacha kutembea kabisa, na hisia isiyotumika huzidi kufifia.

Ipo pia nukta moja ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval nchini Kanada walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu wenye afya waliotembea huku kifundo cha mguu kikisukumwa na kifaa maalumu, ili wajifunze namna mpya ya kutembea. Baadhi walipakwa kwenye kifundo malhamu yenye kile kitu cha pilipili kinachowasha, ili wapate maumivu. Siku ya mafunzo waliopata maumivu walifanya vizuri sawa na wenzao. Walipojaribiwa siku iliyofuata, walikuwa wamehifadhi kidogo zaidi kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kutembea vizuri ndani ya maumivu, lakini mwili wake ukashindwa kuweka somo. Tutaikumbuka nukta hii tutakapofika kwenye mazoezi.

MAUMIVU NI MLINZI, TUSIMUUE

Baada ya kusema hayo, msomaji asidhani kuwa dawa ni kuyazima maumivu yote kwa vidonge. Maumivu ni mlinzi. Watu wa Dodoma wana ushahidi wa karibu. Hombolo, kaskazini mashariki ya mji, panajulikana kwa miaka mingi kwa kituo cha wagonjwa wa ukoma. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu na kuua ganzi sehemu za mikono na miguu. Mgonjwa hukanyaga mwiba wa mgunga au kaa la moto asijue, jeraha likaoza, kidole kikapotea. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alionyesha kuwa viungo vingi vya wagonjwa hawa huharibika kwa majeraha ambayo mtu mwenye hisia angeyaepuka, na kwamba vinaweza kuokolewa kwa kulindwa. Dawa za ukoma hutolewa bure, na ugonjwa hupona. Baka lenye ganzi kwenye ngozi lipelekwe kituo cha afya mapema.

Siku hizi kisukari kinafanya kazi hiyo hiyo katika nyumba nyingi zaidi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya miguu huharibika, na hapo hupotea maumivu pamoja na hisia ya mkao. Mgonjwa husema anahisi kama anatembea juu ya pamba, au kandambili imemvuka bila yeye kujua. Huyu ana hatari mbili: kuanguka na kupata kidonda. Atazame nyayo zake kila jioni, au mtoto amtazamie, na akung'ute viatu kabla ya kuvaa.

Kwa hiyo kuna mtu ambaye kelele ya maumivu imemzidi, na kuna mwingine ambaye mlinzi wake amenyamazishwa. Wote wawili hawajui vizuri wanakanyaga wapi.

Kwa sababu hiyo tunatahadharisha juu ya tabia ya kununua dukani vidonge vya maumivu na kuvimeza kila siku bila kupimwa. Dawa kama diklofenaki zikitumiwa ovyo huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye presha. Aidha baadhi ya unga na vidonge vinavyouzwa mitaani kama dawa ya baridi yabisi huweza kuchanganywa na dawa kali za steroidi bila mnunuzi kuambiwa. Mgonjwa hupata nafuu ya haraka, akavimba uso, na baadaye mifupa yake ikawa myepesi kuvunjika. Vilevile dawa zinazoleta usingizi huongeza kuanguka. Muulize mganga wa zahanati kabla ya kutumia.

JIPIMENI NYUMBANI

Vipimo viwili vifuatavyo havihitaji chombo chochote. Mtu asivifanye peke yake.

Cha kwanza: mgonjwa alale au akae, afumbe macho. Wewe shika kidole gumba cha mguu wake pembeni kwa vidole viwili, usikibonyeze juu wala chini. Kisogeze kidogo kwenda juu au chini, umuulize kimekwenda wapi. Rudia mara kadhaa bila mpangilio. Akikosea mara nyingi, hisia yake imepungua.

Cha pili: asimame kwenye kona ya ukuta, miguu imeshikana, na mtu mwenye nguvu asimame mbele yake tayari kumshika. Kwanza macho wazi, kisha afumbe kwa muda mfupi. Akiyumba sana au akianza kuanguka, simamisha mara moja. Mtu huyo asiachwe atembee gizani, na apelekwe hospitali apimwe. Miongoni mwa mambo yatakayotazamwa ni sukari, upungufu wa damu na wa vitamini B12, pamoja na uti wa mgongo.

NJIA, CHOO NA MAHALI PA UDHU

Mkoa wetu una mazingira yake. Ardhi ni kavu, ina miiba, changarawe, mchanga unaodidimia na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kule Kondoa njia nyingi ni za kupanda na kushuka. Mchana kweupe mwenye goti bovu huchagua pa kukanyaga. Usiku hana uchaguzi. Basi tufanye yafuatayo:

1. Taa. Pawe na tochi karibu na kitanda cha mzee, na mwanga kwenye njia ya chooni. Akiamka usiku akae kwanza kitandani kidogo, kisha asimame.

2. Njia iwe wazi. Ondoa mawe, kuni, kamba ya mbuzi na ndoo. Nyumba ambayo vitu huhamishwa kila siku humchanganya asiyeona vizuri na asiyehisi vizuri. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani, na njia ya mama yako kwenda msalani ni njia pia.

3. Udhu kwa kukaa. Weka kigoda imara na birika au kopo. Anawe uso akiwa amekaa, na miguu aioshe akiwa amekaa. Asiinue mguu kwenye sinki. Maji yaliyomwagika yakaushwe kabla hajasimama.

4. Choo. Choo cha kuchuchumaa humtesa mwenye goti na nyonga. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kufunga gongo la kushika ukutani. Gharama yake ni ndogo.

5. Viatu. Kandambili iliyolegea na yeboyebo iliyolika soli ni mtego. Kiatu kizuri kina mkanda nyuma ya kisigino na soli ngumu isiyo nene sana. Soli nene na laini kama godoro huzuia unyayo usipate habari za ardhi. Katambuga hukinga miiba vizuri, lakini zikaze mguuni.

6. Mizigo. Mama mwenye maumivu ya shingo, kiuno au goti asitwike ndoo ya lita 20. Shingo nayo ina vihisio vingi vya mkao, na ikiuma huweza kuleta kizunguzungu. Vijana wa nyumbani, hiyo ni kazi yenu.

Kamati za misikiti nazo zina sehemu yao. Mahali pa udhu pawe na viti vya saruji na sakafu isiyoteleza. Ngazi ziwe na chuma cha kushikilia. Na lile rundo la viatu mlangoni, linalorukwa na vijana, ndilo linalomwangusha mzee anapotoka kwenye mwanga kuingia kwenye kiza. Wekeni shubaka la viatu pembeni na taa mlangoni.

RUHUSA YA SHARIA NI REHMA

Wapo wazee wanaoona kuwa kukaa katika sala au kushika fimbo ni udhaifu wa imani. Jambo hili linahitaji kusemwa wazi. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alianguka kutoka juu ya farasi akachubuka upande wake wa kulia, naye akaswali hali ya kukaa. Amepokea tena kuwa Imran bin Husayn (R.A.), alipougua, aliambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Naye Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa mtu mzima na mwili kuwa mzito, aliweka nguzo mahali pake pa kuswalia akawa anaiegemea.

Ama fimbo, Qur'ani katika Suratu Twaha inatueleza jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyoulizwa juu ya kile kilichokuwa mkononi mwake, naye akaanza kwa kusema kuwa huegemea juu yake. Ikiwa Mtume wa Allah ameegemea fimbo, kwa nini mzee wetu aone haya? Fimbo humpa ubongo habari ya ziada kutoka mkononi, pamoja na kupunguza uzito kwenye goti. Ishikwe mkono wa upande usiouma, na itangulie pamoja na mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Ncha yake ivalishwe mpira.

Vilevile mgonjwa ana udhuru wa kutohudhuria jamaa msikitini, na mtu akiogopa kuanguka gizani aswali nyumbani au asindikizwe. Kwa hukumu za kina, kama vile namna ya kuswali juu ya kiti na kuashiria sujudu, muulize imamu wa msikiti wako. Lililo wazi ni kwamba Allah (S.W.) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Ni kweli pia kwamba maumivu yana malipo. Tumefundishwa kuwa hata mwiba unaomchoma Muislamu hufutiwa kwao baadhi ya makosa yake. Lakini aliyetufundisha hayo ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa. Subira na matibabu havigombani.

KUUREJESHA UJUZI WA VIUNGO

Habari njema ni kwamba hisia ya mkao hufundishika. Sasa tuikumbuke ile nukta ya utafiti wa Kanada. Ikiwa maumivu huweza kuuzuia mwili usiweke somo, basi si busara kufanya mazoezi huku mtu anasaga meno. Fanya kidogo, saa ambayo maumivu yametulia, kwa mfano baada ya kukanda kwa maji ya moto. Mguu usio na hisia usikandwe kwa maji ya moto, usije ukaungua. Uchungu mdogo unaoisha haraka unavumilika. Ukibaki hadi kesho yake, umezidisha.

- Kaa kwenye kiti, nyoosha goti moja polepole, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu. Hili huamsha msuli wa mbele ya paja.
- Inuka kutoka kwenye kiti imara bila kuvuta kwa mikono, kisha kaa polepole. Anza na mara tano. Kiti kirefu ni rahisi zaidi.
- Shika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu.
- Shika ukuta, simama kwa mguu mmoja kwa sekunde chache huku mtu yuko karibu. Ukizoea, gusa ukuta kwa kidole kimoja tu.
- Tembea kando ya ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine.

Fanya siku nyingi za wiki, kwa miezi, siyo kwa siku tatu. Kupunguza uzito wa mwili nako huliondolea goti mzigo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa zinapokea wagonjwa wa viungo. Ulizia huko mtaalamu wa fiziotherapia, maana mazoezi ya goti si ya kiuno, na ya kiuno si ya nyonga.

USISUBIRI UKIONA HAYA

Nenda hospitali haraka ikiwa kiungo kimevimba, kina joto na kuna homa. Ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea ghafla au mdomo umepinda. Ikiwa mkojo au haja kubwa haizuiliki na kuna ganzi baina ya mapaja. Ikiwa miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Au ikiwa mtu ameanguka na hawezi kukanyaga.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku yapimwe kifua kikuu, maana hushambulia pia uti wa mgongo. Na kwa sisi wa nchi ya mifugo, maumivu ya viungo na kiuno yenye homa inayokuja na kuondoka huweza kuwa brusela, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kushika mimba iliyotoka ya mnyama. Chemsha maziwa. Ugonjwa huu una dawa.

MUHTASARI NA MASWALI YA NYUMBANI

Tumejifunza kuwa mtu hutembea kwa ushahidi wa macho, sikio la ndani na viungo vyenyewe. Kuwa maumivu humchanganya shahidi wa tatu. Kuwa gizani na kwenye udhu upungufu huo huonekana. Na kuwa upo uwezo wa kuurekebisha. Jioni ya leo, baada ya chakula, wanafamilia waulizane:

1. Ni nani nyumbani mwetu mwenye maumivu ya goti, kiuno au kifundo, na tangu lini?
2. Njia yake kutoka kitandani hadi msalani ina mwanga? Ina nini cha kujikwaa?
3. Anatia udhu amekaa au amesimama?
4. Kuna mtu nyumbani anayemcheka kwa kushika fimbo?
5. Nani atamsindikiza kwenye sala ya alfajiri?

Mwenye jibu la swali la tano ashike tochi mapema, aende upande wa mguu unaouma, na afuate mwendo wa mzee. Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wenye kuwahurumia wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.